KITABU KIINGIE JIKONI

Ndugu wasomaji wa Vuhovi, Beni na Butembo, na ninyi nyote mnaochimba huko Manguredjipa, leo hatuandiki juu ya kodi wala bei ya dhahabu. Twaandika juu ya mtoto wa miaka mitano anayeota moto jikoni huku mama yake akikoroga maharagwe. Twasema hivi: mtoto huyo asipopenda kusoma sasa, kesho atasomewa na mtu mwingine. Na mwenye kusomewa hujua yale tu ambayo msomaji amependa ayajue.

Wazee wetu walilijua jambo hili vizuri. Wakati wa Wabelgiji mfanyakazi aliitwa mbele ya meza ya karani, akawekewa karatasi, akatia kidole gumba. Ndani mna nini? Hakujua. Alikuja kujua siku ya mshahara.

Shule zilikuwako, hatukatai. Misheni zilifundisha watoto wengi herufi. Lakini walifundishwa wasome katekisimu na wafuate amri. Mlango wa shule za juu ulifunguliwa nusu, tena kwa kuchelewa. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza 1954 tu. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, ukiacha mapadri, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakuzidi 30 katika nchi nzima. Nchi kubwa namna hii iliachiwa wasomi wasiotosha kujaza basi moja! Aliyetutawala hakuogopa mtu ajuaye a-e-i-o-u. Alimwogopa mtu apendaye kusoma, kwa sababu mtu huyo hasimami pale mwalimu wake aliposimama.

Je, sisi wenyewe tumeuondoa ugonjwa huo? Katiba ya 2006, kifungu cha 43, yasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni bure. Lakini tulingoja mpaka Septemba 2019 ndipo neno hilo likaanza kutendwa, na kabla ya hapo kwa miaka mingi wazazi ndio waliobeba mzigo wa kuwalipa walimu. Baada ya hapo watoto walijaa madarasani, nasi twafurahi. Lakini kukaa darasani si kupenda kusoma. Kitabu kimoja kikigombaniwa na watoto watano, na fimbo ikiwa juu ya meza, mtoto huimba maneno ya ubaoni kama kasuku. Akitoka nje huyasahau.

Liko na jambo la lugha. Mtoto wa Vuhovi huota ndoto kwa Kinande, na sokoni husikia Kiswahili. Akifika shuleni mara nyingi hukutana na Kifaransa siku moja na herufi. Tazameni neno la Kifaransa beaucoup: limeandikwa kwa herufi 8, na masikio husikia “boku” tu. Neno letu kitabu lina herufi 6, na kila moja yasikika. Mtoto akishika ba-be-bi-bo-bu za Kiswahili, aweza kusoma hata neno ambalo hajapata kuliona. Furaha ya kusoma huanzia hapo, pale mtoto anapofungua mlango kwa mkono wake mwenyewe. Sheria ya elimu ya 2014 nayo imetambua kwamba lugha za taifa na lugha za mahali zaweza kutumiwa kufundishia. Hatusemi Kifaransa kitupwe. Watoto wetu watakihitaji. Twasema mtoto asomee kwanza lugha anayoielewa, ndipo apande.

Wengine watatuuliza: “Haya yamhusu nini mchimbaji?” Yamhusu sana. Sheria ya migodi iliyogeuzwa 2018 yataka mchimbaji wa mikono awe ndani ya koperative. Koperative ina kanuni, ina daftari la uzito, ina karatasi za kutia sahihi. Asiyesoma karatasi hizo atatia kidole kama babu yake, tena mara hii mbele ya Mwafrika mwenzake.

Tukumbuke pia ugonjwa wa Ebola uliotangazwa hapa kwetu 1 Agosti 2018 na kwisha 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa, na Vuhovi nayo iliguswa. Siku zile uvumi ulikimbia kuliko pikipiki. Wenye kusoma nao walidanganyika, ni kweli. Lakini mtu aliyezoea kusoma aliweza kuchukua tangazo, akalirudia mara mbili, akauliza swali. Asiyejua kusoma aliuliza jirani tu, na jirani alikuwa na uvumi uleule.

Basi tufanye nini? Tusingoje Kinshasa. Baba, ukirudi kutoka mgodini, mwite mtoto akusomee mistari mitano kabla ya kulala. Mama, sisi twajua umechoka na jembe. Lakini mdomo wako wajua hadithi za sungura na chui. Mhadithie leo, na kesho kaka yake aiandike katika daftari, na keshokutwa mdogo aisome. Hapo mmekwisha kuwa na kitabu, wala hamkulipa hata franka moja. Asiyejua kusoma asione haya. Amsikilize mtoto wake, acheke hadithi ikichekesha, aulize kisha ikawaje. Mtoto akiona baba yake angoja mwisho wa hadithi, atautafuta mwisho huo kwa nguvu zake zote. Wala asipigwe akikosea neno; fimbo haijapata kumpendezesha mtu kitu.

Vitabu ni ghali, twajua. Ndugu zetu wa Tanzania nao waliona kwamba vitabu vya hadithi kwa watoto ni haba, nao 1991 wakaanzisha Mradi wa Vitabu vya Watoto, ili viandikwe na kuchapwa kwa Kiswahili. Sisi tuanze na kidogo tulicho nacho. Twaomba kila tawi la chama liweke sanduku moja lenye kufuli, na ndani yake vitabu vya watoto. Kila Jumamosi sanduku lifunguliwe, na mtu mzima mmoja awasomee watoto kwa sauti. Mfanyabiashara wa Butembo anayekwenda Kampala kununua bidhaa, na aulize huko kama viko vitabu vidogo vya Kiswahili, alete kimoja kwa ajili ya sanduku hilo.

Tangu Oktoba 2014 watu wengi wa Beni wamekimbia vijiji vyao usiku kwa sababu ya wauaji. Waliacha mbuzi, waliacha mashamba, waliacha hata viatu. Mtoto aliyejua kusoma alikimbia pia, lakini kusoma kwake hakukubaki nyuma. Huo ndio urithi ambao mwizi hawezi kuuchoma.

Ndugu, bendera tulipewa siku moja. Kusoma hakutolewi siku moja, wala hakuna atakayetuletea. Usiku wa leo, moto ukiwa bado unawaka, mwite mtoto wako akusomee.

Uhuru na kitabu!