Anayepanga siku ya kura ameshapiga kura

Ukitaka kuwachosha watu kwenye kijiwe chochote mjini Morogoro, waambie kamati ya Bunge inabishana juu ya siku ya kupiga kura. Utajibiwa hapo hapo: wanakula posho tu hao, hoja iko mezani, kila mtu ana msimamo wake, wapige kura yaishe. Mbunge anayesimama na kusema "kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Mwenyekiti" huonekana mtu wa maneno mengi. Diwani anayelalamika kwamba kabrasha la kikao amekabidhiwa asubuhi ile ile, mlangoni mwa ukumbi, huonekana mkorofi. Imani hii haina chama wala umri, wasomi wanayo na wasiosoma wanayo. Ni imani potofu, na inatugharimu.

Tuanze na Katiba yenyewe. Ibara ya 94 inataka akidi ya nusu ya wabunge wote, kisha jambo linaamuliwa kwa wingi wa kura za waliohudhuria na kupiga kura. Asiyekuwepo hahesabiwi. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kutamka kwamba kura ni leo jioni au ni Jumanne ijayo, ana uwezo pia wa kuamua nani atakuwemo ukumbini, atakuwa amesoma nini na amezungumza na nani kabla ya kusema ndiyo au siyo. Hiyo ni sehemu kubwa ya uamuzi, na imeshafanyika kabla ya mtu yeyote kunyoosha mkono.

Asiyeamini apande Uluguru ahudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Kwa Waluguru, ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mashamba mengi ya ukoo yako mikononi mwa wanawake. Sasa itisha mkutano wa kujadili ardhi siku ya gulio. Wanawake wameshuka na njegere na kabichi tangu alfajiri. Waliobaki kijijini wanakutana, akidi inatafutwatafutwa, agenda zinakwenda moja baada ya nyingine mpaka jua linapoinama. Ndipo kwenye "mengineyo", wengine wameshaondoka kuwahi mifugo, jambo la shamba linatajwa kwa dakika tano na muhtasari unaandikwa kwamba wajumbe waliridhia. Hapo hakuna aliyeghushi kura wala aliyetishwa. Kilichofanyika ni kuchagua siku na saa tu, na wenye ardhi wakawa hawapo wakati ardhi yao inaamuliwa.

Waliotunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 waliijua hatari hiyo. Rais akitaka kuihamisha ardhi ya kijiji, sheria inadai tangazo lenye muda usiopungua siku 90, na eneo likiwa halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Siku hizo 90 hazikuwekwa kama urembo. Ziliwekwa ili habari ifike kwenye kitongoji cha mwisho juu mlimani, ili aliyesafiri arudi, ili mtu apate wa kumuuliza.

Mlanguzi wa kabichi anaielewa kanuni hii kuliko wengi wetu. Hagombani na mkulima kuhusu bei asubuhi. Anasubiri jioni, gari la mwisho likikaribia kuondoka, maana anajua mkulima hawezi kuupandisha mzigo mlimani tena. Anayeshika saa anashika bei.

Najua kisa kilichoikomaza imani hii ya kwamba utaratibu ni porojo. Mwaka 2014, Bunge Maalum la Katiba lilipoanza Dodoma mwezi Februari, wajumbe walitumia wiki kadhaa kujadili kanuni, hasa kama kura iwe ya wazi au ya siri, huku wakilipwa posho ya shilingi 300,000 kwa siku. Nchi nzima ilikasirika, na kwa upande wa posho ilikuwa na haki. Lakini tazama mwisho wake. Aprili 16 wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka nje. Kura ya Katiba Inayopendekezwa ikapigwa kwa siku kadhaa, kuanzia Septemba 29 hadi Oktoba 2, na kanuni zikafungua njia hata wajumbe waliokuwa nje ya nchi, wakiwemo waliokwenda hija, wapige kura huko huko. Ilihitajika theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande wa Muungano, na upande wa Zanzibar ilipatikana kwa tofauti ndogo sana. Kura ingepigwa siku moja, kwa waliomo ukumbini tu, pengine tungesimuliwa matokeo mengine. Yale tuliyoyaita porojo za Machi ndiyo yaliyoamua Oktoba. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa.

Kisa cha pili ni cha bandari. Makubaliano kati ya Tanzania na Dubai kuhusu uendeshaji wa bandari yalisainiwa Oktoba 25, 2022. Yalikaa zaidi ya miezi saba. Kisha wananchi wakatangaziwa Juni 5, 2023 kwamba kamati ya Bunge itapokea maoni yao Dodoma Juni 6. Bunge likaridhia Juni 10. Mkulima wa Tchenzema, ambaye mbolea yake hupita bandarini, angetakiwa alisikie tangazo, ashuke mlima mpaka Mzumbe, afike Msamvu, apande basi la zaidi ya kilomita 250, na njiani awe amesoma mkataba wa kimataifa. Katiba, ibara ya 21, inampa haki ya kushiriki kikamilifu katika maamuzi yanayomhusu. Haki ya siku moja ni haki ya wakazi wa Dodoma.

Tena haraka hiyo haikuwahisha chochote. Mikataba ya utekelezaji ilisainiwa Oktoba 22, miezi minne baada ya kura. Katikati hapo tulikuwa na kesi Mahakama Kuu Mbeya, iliyotupiliwa mbali Agosti 10, waraka wa maaskofu Katoliki, na malumbano kila kona. Mjadala ulionyimwa wiki tatu ndani ya kamati ulichukua miezi nje ya kamati. Sisemi makubaliano yale yalikuwa mabaya au mazuri. Nasema hata anayeyapenda alipaswa kudai siku zaidi, kwa faida ya kile anachokipenda.

Uluguru ina ushahidi wa zamani zaidi. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, anayeijua miteremko ile hawezi kubisha. Lakini amri ilishuka kutoka juu bila wenye mashamba kuulizwa kwa wakati wao na kwa namna yao, na mwaka 1955 vurugu zikalipuka Matombo, mradi ukafa. Hoja nzuri iliuawa na njia mbovu ya kuipitisha.

Wapo watakaonijibu kwamba utaratibu nao ni silaha ya wavivu na wapinzani wa kila kitu. Kweli, wapo wanaoomba mwongozo ili siku iishe. Lakini angalia nguvu iko wapi. Katika mabunge yetu, anayechelewesha hupata saa chache, kisha Spika humnyamazisha. Anayeharakisha hupata sheria. Julai 2015 miswada mitatu ya mafuta na gesi ililetwa kwa hati ya dharura. Wabunge wa upinzani walipodai muda, baadhi yao walisimamishwa na miswada ikapita. Miaka miwili baadaye, Julai 2017, sheria za rasilimali za nchi zikapitishwa tena kwa hati ya dharura. Haraka ya kwanza haikutuepusha na ya pili. Na dawa ya wacheleweshaji ni hiyo hiyo ninayoidai: tarehe ya kura itangazwe mapema, isisogezwe mbele kwa hila wala kurudishwa nyuma kwa hila. Tarehe inayojulikana inawabana wote wawili.

Majirani wanaligombania jambo hili mpaka mahakamani. Mahakama ya Rufani ya Kenya iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 mwezi Julai 2024, sababu mojawapo ikiwa vipengele vilivyoingizwa baada ya wananchi kumaliza kutoa maoni. Mahakama ya Juu iliirejesha Oktoba. Wakenya wanaweza kubishana nani alikuwa sahihi, ila wanafahamu kilichokuwa kinagombewa.

Kwetu bado tunamuuliza mbunge swali moja: ulipiga kura gani? Ni swali dogo. Siku atakapokuja Kinole au Mgeta, au diwani wenu atakaporudi kutoka kikao cha halmashauri Mvuha, muulizeni: kabrasha ulilipata lini, kura ilipigwa lini, na katikati ya siku hizo mbili ulikuja kutuuliza? Akisema alilipata asubuhi ya kikao na hakusimama kupinga, msimshangilie kwa ndiyo yake wala msimlaumu kwa siyo yake. Mwambieni hakuwawakilisha.