Goma: Anayeuza programu Katoyi aanze na daftari la deni

Katika mtaa wa Katoyi, komini ya Karisimbi, mwenye depo ya unga anaandika kila kitu katika daftari moja: mifuko iliyoingia, dola na franka zilizotoka, na majina ya waliochukua kwa deni. Akija kijana na telefone kumwambia kuna programu mpya itakayofanya hayo yote, anamsikiliza, anamshukuru, kisha anarudi kwenye daftari lake. Kumwita mshamba ni kumwonea.

Mji huu umekwisha kuona mengi. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikateketeza maduka pamoja na vitabu vyake vya hesabu. Mei 2021 volkano ililipuka tena, na siku chache baadaye watu wakaamriwa kuhama. Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, benki zilifunga milango. Aliyekuwa na pesa kwenye akaunti akabaki kuzikumbuka tu. Mtu wa namna hiyo akiombwa kuweka hesabu zake mahali asipopaona, lazima aulize: nanyi mkifunga, nitawapata wapi?

Pesa za telefone zilijibu swali hilo polepole. Kule Kenya, kabla M-Pesa haijaanza rasmi Machi 2007, ilijaribiwa kwanza na wakopaji wachache wa shirika la Faulu. Ilikusudiwa kulipia mikopo, lakini watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe, na kampuni ikawafuata. Kongo iliipata mwaka 2012. Watu wa hapa waliamini kwanza kabini ya jirani wanayemjua, na ujumbe unaofika palepale kwa aliyetuma na aliyepokea. Kampuni yenyewe ilikuja baadaye. Hata hivyo, noti zilipokosekana mjini na makato ya kutoa pesa yakapanda, wengi walianza tena kuficha pesa nyumbani.

Basi kampuni changa ifanye nini? Programu ifanye kazi bila mtandao na umeme ukikatika. Itumike sambamba na daftari mwezi mzima, bila malipo, mwenye depo alinganishe mwenyewe. Siku akichoka, aondoke na hesabu zake zote, zimechapwa kwenye karatasi.

Lakini penye uzito zaidi ni ile orodha ya deni. Wengi walioandikwa humo ni familia zilizokimbia vita kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, zinazokula leo na kulipa kazi ikipatikana. Orodha hiyo inaonyesha nani analala wapi, namba yake ya telefone, na siku anayopata pesa. Sheria ya dijitali ya Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi, ndiyo, lakini haitamsaidia mama wa Masisi ikiwa jina lake limekwisha kusambaa. Mwenye depo analijua hilo kuliko anayemuuzia programu. Mara nyingi ndiyo sababu anakataa, ingawa hasemi. Anasema tu hana muda.

Kampuni inayotaka wateja Katoyi iache majina kabisa. Deni liingie kwa namba, na jina libaki katika daftari, chini ya meza ya mwenye depo. Vijana wa Goma wanaojua kuandika programu wapo, na kazi hiyo haiwashindi.