Karani Asiyelala

Nimefika Eldoret, mji wa wakimbiaji, nikaona simu imegeuka karani. Mkimbiaji mkubwa huandika humo alalapo, na saa moja ya kila siku atakayopatikana apimwe dawa. Akikosekana mara 3 katika miezi 12 huadhibiwa, hata kama damu yake ni safi.

Wilson Kipsang, aliyepata kuishika rekodi ya dunia ya marathoni, alifungiwa miaka 4 mwaka 2020 kwa kukosekana, na kwa kutoa udhuru wa picha ya ajali ya lori. Kumbe ajali ile ilitokea baadaye!

Wako wasemao huu ni utumwa. Mimi sisemi hivyo. Chuoni tulifunzwa kwamba Rakibu na Atidi hawalali, wala hawakosei. Karani wa simu hukosea. Basi asiyepata mtandao kijijini asikilizwe. Mwongo, la.