Anayeumwa na Aseme Mapema



Tuliporudi Pemba kutoka Ol Doinyo Lengai, swali la kwanza tulilokutana nalo nje ya kanisa baada ya Misa ya Jumapili lilikuwa fupi: "Mlifika juu?" Tukajibu hapana. Mzee mmoja wa kigango, aliyetuchangia nauli kwa fedha zake za karafuu, akatutazama kwa muda kisha akauliza la pili: "Sasa wanangu, mlikwenda kufanya nini?" Siku ile hatukuwa na jibu. Makala haya ni jibu letu kwake, na ni neno letu kwa mafrateri wenzetu na vijana wa parokia wanaofikiria kujiunga na safari za namna hii.

Kisiwa chetu hakina mlima. Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani, na kilima chake kirefu kabisa hakifiki mita 150. Kupanda tumezoea, lakini tunapanda mikarafuu. Kwa hiyo klabu moja ya wapanda milima ya bara ilipotukaribisha katika safari yake ya kikundi, tulifurahi kama watoto. Tulikuwa saba: mafrateri wawili tuliokuwa likizo, vijana wanne wa parokia, na jirani yetu mmoja Mwislamu, mchumaji wa karafuu, ambaye mama yake alituruhusu tuondoke naye baada ya kutuuliza mara tatu kama atapata nafasi ya kusali. Kwa wiki kadhaa tulijizoeza kwa kutembea kwa miguu kati ya Chake Chake na Wete. Kisha tukapanda meli Mkoani.

Wapo waliosema kwamba huo ni mchezo wa watalii, haumhusu mtu anayejiandaa kwa upadre. Hatukubaliani nao. Papa Pius XI, alipokuwa bado Padre Achille Ratti, mwaka 1889 alipanda Monte Rosa katika milima ya Alpi kwa upande wake mgumu wa mashariki, akalala njiani penye barafu pamoja na wenzake. Akiwa Papa, mwaka 1923 alimtangaza Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima. Pier Giorgio Frassati, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa mwanachama wa klabu ya wapanda milima ya Italia, na kijana huyo huyo aliyependa vilele alikuwa akipanda ngazi za nyumba za maskini wa Torino kuwapelekea msaada. Kanisa halina ugomvi na mlima. La kuuliza ni jinsi tunavyoupanda.

Ol Doinyo Lengai, maana yake kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu. Uko kusini mwa Ziwa Natron, katika nchi kame ambako kijani ni kidogo na vumbi ni jingi. Hauzidi mita 3,000, kwa hiyo ukiulinganisha na Kilimanjaro unaweza kuudharau. Usiudharau. Ni volkano hai, na mlipuko wake mkubwa wa karibuni ulikuwa wa 2007 na 2008. Miteremko yake ni mikali, imefunikwa majivu yanayoteleza chini ya kiatu: unapiga hatua mbili, unarudishwa moja. Njiani hakuna maji wala kivuli. Ndiyo maana watu huupanda usiku, ili jua lisiwakute kwenye mteremko.

Saa nne usiku tulikuwa kambini, tochi zikiwa vichwani. Kiongozi wa msafara alitusimamisha wote duara akauliza: "Kuna anayeumwa?" Wote tukajibu kwa sauti moja: hakuna. Saa tano tukaanza.

Mmoja wa wale mafrateri wawili alikuwa anaumwa. Tumbo lilianza kumsumbua tukiwa Mto wa Mbu, na jioni ile alikuwa ameharisha mara kadhaa. Hakumwambia mtu. Alichagua kutembea nyuma ya wote ili asionekane. Lakini mwongozaji alikuwa amemwomba jirani yetu mchumaji awe wa mwisho, kwa sababu alimwona ana miguu ya uhakika, naye ndiye aliyesikia mwenzake akitapika gizani. "Frateri, we unaumwa?" Akajibiwa kwamba ni vumbi tu. Baada ya muda kidogo akasikia tena. Safari hii hakuuliza. Alipaza sauti: "Simameni! Frateri mgonjwa!"

Ilikuwa yapata saa tisa na nusu usiku. Mwongozaji alimkalisha, akammulika usoni, akamshika mikono. Miguu ilikuwa ikitetemeka na maji yake yalikwisha. Akasema hapandi tena hata hatua moja.

Hapo ndipo kosa letu la pili lilipojitokeza. Klabu ilikuwa imetushauri kikundi chetu kichukue waongozaji wawili. Sisi, kwa kubana matumizi, tulichukua mmoja. Huyo mmoja hakuweza kugawanyika, na kumshusha mgonjwa kwenye majivu gizani ni kazi kubwa kuliko kumpandisha: mmoja atangulie, wawili wamshike huku na huku, wengine wawamulikie. Waongozaji wa vikundi vingine tayari walikuwa na watu wao wa kutosha. Kwa hiyo tulishuka wote saba. Kijana mmoja, aliyeweka akiba ya nauli ile kwa msimu mzima wa karafuu, alishuka akilia, na si kwa uchovu. Jua lilipochomoza tuliwaona wenzetu wa klabu kwa mbali, nukta ndogo karibu na ukingo wa kreta. Hakuna aliyesema neno.

Tuseme ukweli ulivyo. Kuumwa si kosa. Frateri yule angesema saa nne kambini, angepewa maji ya chumvi na sukari, angelala, na wenzake sita wangekwenda na mwongozaji wao wakafika. Ukimya wake ndio uliowanyima sita kilele, na ungeweza kumgharimu yeye zaidi ya hapo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Lakini kumlaumu yeye peke yake ni rahisi mno. Kwa nini aliogopa kusema? Kwa sababu aliulizwa mbele ya watu ishirini, amesimama na msalaba shingoni, na vijana wa parokia yake wanamtazama. Kwa sababu wote tumezoea kwamba frateri hachoki, katekista haumwi, padre hana shida. Tumelelewa kusifiwa kwa kutolalamika. Mwenye kusema amechoka tunamwona mlegevu, na mwenye kunyamaza tunamwita jasiri.

Mtu atatuambia kwamba uvumilivu ni fadhila. Ni kweli. Lakini kuvumilia ni kubeba mzigo wako. Kuficha ni kuwabebesha wenzako mzigo ambao hukuwaambia upo, na wataujua siku utakapowaangukia. Nabii Eliya alipochoka jangwani aliketi chini ya mti akamwambia Mungu wazi kwamba imetosha. Hakukemewa. Aliletewa mkate na maji, akaambiwa safari bado ni ndefu, kisha akatembea siku arobaini mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Musa naye, mikono ilipomlemea juu ya kilima wakati wa vita na Waamaleki, aliwaacha Haruni na Huri wamkalishe juu ya jiwe na kumshika mikono. Na Bwana wetu msalabani alisema kwamba ana kiu. Ikiwa yeye alisema, sisi ni nani hata tunyamaze?

Jambo hili ni kubwa kuliko mlima. Frateri anayeficha tumbo leo, kesho ni padre peke yake kigangoni anayeficha upweke, au pombe, au deni, au shaka juu ya wito wake. Atajibu kwamba ni vumbi tu, mpaka siku waamini watakapolazimika kumshusha gizani, na safari ya parokia nzima isimame. Hata katika familia ni hivyo hivyo: baba anayeficha kwamba amesimamishwa kazi, mama anayeficha uvimbe.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache kwa watakaokwenda, nayo yanafaa pia nyumba za malezi na jumuiya ndogo ndogo. Kila mtu aulizwe peke yake, pembeni, na mtu asiyemwogopa. Swali linaloulizwa hadharani hujibiwa hadharani, yaani kwa jibu la kupendeza. Mwenye mwendo wa polepole kuliko wote atangulie, naye ndiye awapimie wengine hatua. Ijulikane kabla ya kuondoka ni nani atakayeshuka na mgonjwa, ili kuumwa kwa mmoja kusiwe hukumu ya wote. Na tusibane matumizi kwenye waongozaji. Afadhali kuchelewa mwaka mmoja tukichanga. Anayesema mapema kwamba hawezi, ashukuriwe mbele ya wenzake, kwa sababu amewaokolea safari.

Siku ya pili yake tulipelekwa Engare Sero, kijiji kilicho chini ya mlima ule, kuona nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizogandishwa katika majivu ya volkano maelfu ya miaka iliyopita. Watafiti, katika ripoti yao ya 2020, wanaeleza kwamba watu 17 kati ya waliopita pale huenda walitembea pamoja kuelekea upande mmoja, wengi wao wakiwa wanawake. Tulizitazama kwa muda mrefu. Frateri mgonjwa alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari, na ni pale ndipo alipowaomba radhi vijana wale wanne, mmoja mmoja. Yule aliyelia alikuwa wa mwisho kumpa mkono, lakini alimpa.

Mmoja wetu tunaoandika makala haya ndiye frateri huyo. Ameomba lisemwe.

Mzee wetu wa kigango tulimsomea haya yote kabla ya kuyachapisha. Tukamwambia kwamba tunakusudia kurudi Lengai, waongozaji wawili, na wale vijana wanne na jirani yetu wakitangulia katika orodha. Alisikiliza mpaka mwisho. "Vizuri wanangu," akasema. "Ila safari hii anayeumwa na aseme mapema, maana karafuu zangu si nyingi."