Afya ya Mifugo: Mbwa Aliyeingiwa na Hewa Kifuani

Mbwa agongwapo na gari barabarani, mara nyingi huanguka, hulia, kisha huinuka akarudi nyumbani kwa miguu yake. Mwenyewe humpapasa, na akiona hakuvunjika mfupa wala hatoki damu, husema, "Amepona." Baada ya saa chache mbwa yule yule huonekana amesimama kando ya boma, shingo ameinyosha, viwiko amevitanua, wala hataki kulala. Kukicha amekwisha kufa. Watu husema amekufa kwa mshtuko. Lakini huenda ameuawa na hewa iliyoingia mahali pasipo pake.

Mapafu yana asili ya mpira: sikuzote hutaka kunywea. Hayanywei kwa kuwa kati ya pafu na ukuta wa kifua hamna hewa, ila maji machache tu, na kwa hiyo kifua kitanukapo pafu hufuatana nacho. Pafu likipasuka kwa kishindo, au kifua kikitobolewa na meno ya mbwa mwingine, pembe au mti mkali, hewa huingia katika nafasi ile na pafu hunywea kama puto. Kwa hiyo ugonjwa huu waweza kuwapo pasipo jeraha lolote la nje.

Dalili zake hazifichiki kwa atazamaye. Mbwa mwenye afya, akilala kwa utulivu, hupumua mara 10 mpaka 30 kwa dakika moja. Aliyeingiwa na hewa hupumua upesi upesi na juu juu, hata akiwa amepumzika kivulini. Mdomo wake uinuliwe, utazamwe ufizi: ukiwa umepauka au umegeuka rangi ya buluu, hatari ni kubwa. Ikiwa ufizi wake ni mweusi kwa asili, itazamwe ngozi ya ndani ya kope.

Mbwa huyo asifungwe kinywa, asinyweshwe maziwa wala dawa, asilazwe chali, wala asikandwe kifua. Tundu linalovuta hewa lifunikwe mara moja kwa kitambaa safi kilichopakwa vaselini. Kama baada ya kufunikwa anazidi kushindwa kupumua, kitambaa kiinuliwe kidogo hewa itoke, kisha kirudishwe. Kijiti kilichokwama kifuani kisichomolewe. Na abebwe polepole juu ya ubao mpaka kwa daktari wa mifugo. Ambebaye ajihadhari, maana mnyama mwenye maumivu humwuma hata bwana wake. Ikiwa ameumwa na mbwa asiyejulikana, daktari aambiwe, kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Daktari husikiliza kifua, na upande wa juu huikuta sauti ya pumzi imefifia. Mgonjwa aliye taabani hangojeshwi picha: daktari huchoma sindano kati ya mbavu, sehemu ya juu ya kifua, baina ya ubavu wa 7 na wa 9, akaivuta hewa kwa bomba. Pande zote mbili huangaliwa, kwa sababu kwa mbwa hewa ya upande mmoja mara nyingi hupenya hata wa pili. Akitulia ndipo hupigwa picha ya eksirei, na humo moyo huonekana kama umeinuliwa mbali na mfupa wa kidari. Hewa ikirudi tena na tena, mpira mwembamba huachwa kifuani kwa siku kadhaa ili kuitoa. Isipokoma, mbwa hupasuliwa. Lakini matundu mengi yatokanayo na kugongwa huziba yenyewe, kisha mgonjwa hupumzishwa kwa majuma mawili hivi, bila kukimbia wala kuwinda.

Basi, mwenye mbwa aliyegongwa asiridhike kwa kuwa mbwa amesimama. Yafaa amwonyeshe kwa daktari siku ile ile. Na ikiwa usiku umeingia na njia ni ndefu, azihesabu pumzi zake mara kwa mara. Zikizidi kuongezeka, asingoje mapambazuko.