MAONI: Slipa si erthi, tuache kuzoea kupigwa na stima bafuni

Unaijua hiyo shughuli ya asubuhi. Unaingia bafuni na slipa, unagusa mfereji kwa ncha ya kidole kama mtu anayepima pasi, halafu unaoga umejikunja usije ukagusa ukuta. Rafiki akilala kwako unamwonya mapema: "Ukimaliza, usifunge maji na mkono, shika na taulo." Mnacheka, maisha yanaendelea.

Mimi sioni cha kuchekesha. Shawa inayokuwasha vidole ni stima inayotafuta njia ya kwenda ardhini. Siku ikikosa njia nyingine, njia itakuwa wewe.

Tatizo linaanza siku ya kutafuta keja. Tunauliza kama kuna Wi-Fi, tunapiga picha za vigae, tunahesabu dakika za kutembea hadi steji. Ajenti akisema "na shawa ya maji moto iko", tunaitikia kwa furaha na kutuma dipoziti. Hakuna anayeinua macho kutazama waya zinazoingia kwenye hiyo shawa.

Hebu inua macho. Shawa nyingi za bedsita zetu hupasha maji yakiwa yanapita. Ndani mna waya wa kupasha moto, na maji yanaugusa moja kwa moja. Nje hutokeza waya tatu. Mbili zinaleta stima. Ya tatu, ya kijani au ya kijani na manjano, ni erthi: kazi yake ni kuipeleka ardhini stima inayovuja kabla haijakufikia. Katika nyumba nyingi utakuta huo wa tatu umekatwa na kufungwa tepu, au unaning'inia tu. Shawa inawaka vizuri, maji yanatoka moto, na fundi ameshalipwa akaenda. Kuwaka si ushahidi wa usalama, kwa sababu shawa haihitaji erthi ili iwake. Anayeihitaji ni wewe.

Utaniambia una slipa. Sawa, lakini slipa iliyolowa, juu ya sakafu iliyolowa, si kinga ya kutegemea. Tena mkono mmoja ukiwa kwenye mfereji wa chuma na mwingine ukutani, stima haina haja ya kupitia miguuni. Itakatiza kifuani, pale moyo ulipo.

Kuna na waya wenyewe. Shawa ya kilowati 5 kwa stima yetu ya volti 240 huvuta karibu ampea 21. Soketi ya kawaida ya ukutani ni ya ampea 13. Kwa hivyo ukiona shawa imeunganishwa kutoka soketi ya chumbani, au waya wake ni mwembamba na unapata moto ukiogea, huo ni moto unaosubiri siku yake. Shawa inataka waya wake mnene, swichi yake nje ya bafu na breka yake. Na kama ploti yenu inatumia maji ya kisima yenye chumvi, kuna shawa zilizotengenezwa kwa maji hayo. Chumvi hupitisha stima kwa urahisi zaidi, na ya kawaida huharibika haraka.

Najua jibu lako: "Kodi yenyewe nalipa kwa shida, nitamdai landilodi nini?" Mdai waya. Humuombi jakuzi. Na usiende peke yako. Lile kundi la WhatsApp la ploti ambalo kazi yake ni kulalamikia takataka na mgao wa maji, litumieni kwa hili. Shawa moja ikikosa erthi, kuna uwezekano mkubwa jengo zima halina, maana fundi alikuwa mmoja. Ombeni aletwe fundi mwenye leseni ya EPRA apime kwa mita, nyumba kwa nyumba. Kwa anayehamia, fanya hivyo kabla ya kulipa dipoziti, wakati ajenti bado anakuita "boss".

Wakati mnangoja, zima swichi ya shawa na uoge kwa beseni. Wala hutapoteza. Dakika 10 chini ya shawa ya kilowati 5 zinakula zaidi kidogo ya asilimia 80 ya yuniti moja. Kwa mwezi ni yuniti 25 kwa mtu mmoja, na kama unaishi na mwenzako, hapo ndipo ugomvi wa tokeni unapozaliwa. Birika mbili za stima zilizojaa, lita 1.7 kila moja, ukizichanganya na maji baridi zinakupa karibu lita 12 za vuguvugu. Stima iliyotumika ni kama theluthi moja ya yuniti. Wa koili ya ndoo, chomoa kwanza ndipo utie mkono, kila siku, hata ukiwa umechelewa.

Shawa ikishatengenezwa, itumie kwa akili. Washa swichi ukiwa mkavu. Maji yakiwa ya vuguvugu na Julai inauma, punguza maji badala ya kuyafungulia zaidi: kilowati 5 hutoa kama lita 3 tu kwa dakika za maji ya kuogea asubuhi ya baridi Nairobi. Ukipunguza mno nayo haitawaka, kwa sababu inahitaji presha kidogo. Ndiyo maana walio ghorofa za juu hupata baridi tanki likikaribia kuisha.

Hayo ni ya kujifunza polepole. La leo ni moja. Ukifika nyumbani jioni, kabla ya kuvua viatu, zima swichi, ingia bafuni na utazame juu bila kugusa. Hesabu waya. Ukiona zimeunganishwa mbili, piga picha uitume kwa kundi la ploti. Ukiona tatu, bado muite fundi apime. Na yule rafiki anayelala kwako, usimpe tena taulo la kufungia maji.