Puto ni dogo, usingizi wake si mdogo

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ianze mwaka 2022 kuwawekea puto tumboni watu wenye uzito uliokithiri, maswali ninayosikia ni mawili: bei gani, na nitapungua kilo ngapi? Wewe wa Busawe unayepiga hesabu ya nauli ya kutoka Mugumu hadi Dar es Salaam, ongeza la tatu: nani atalinda pumzi yangu nikiwa nimelala?

Kazi yenyewe ni fupi na haina kisu. Mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni, puto hujazwa maji ya chumvi, kisha hukaa tumboni kwa takriban miezi sita. Ili utulie, unachomwa dawa ya usingizi kwenye mshipa. Hapo ndipo penye hatari. Dawa hiyo hulegeza misuli ya koo, na kwa mtu wa sentimita 160 mwenye kilo 103, mara nyingi koo limeshabanwa na mafuta. Akilala chali, tumbo husukuma mapafu na akiba ya oksijeni hupungua. Njia ya hewa ikiziba, oksijeni yake hushuka haraka kuliko ya mtu mwembamba.

Watu hufurahi wakiambiwa, "Hii si nusukaputi, ni usingizi mwepesi tu." Mimi sifurahi sana. Kwenye nusukaputi, mara nyingi mrija huwekwa kooni kulinda njia ya hewa. Kwenye usingizi mwepesi unapumua mwenyewe, na usingizi huo unaweza kuzama bila mtu kukusudia. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayeweka puto asiwe ndiye anayesimamia usingizi. Awepo mtaalamu wa usingizi asiye na kazi nyingine, mwenye oksijeni na mashine ya kufuatilia pumzi. Kama hayupo, ondoka, hata wakikupunguzia bei nusu.

Kabla ya safari, muulize mnayelala chumba kimoja: je, unakoroma kwa nguvu, unanyamaza ghafla, kisha unashtuka kama uliyekabwa? Mweleze daktari hilo, pamoja na shinikizo la damu, kisukari na sindano za kupunguza uzito kama unazitumia, maana sindano hizo huchelewesha chakula kutoka tumboni. Mzazi, kijana wako mnene anayesinzia darasani naye apimwe. Huenda si mvivu.

Jambo linalosahaulika ni siku ya kutoa puto, ambayo nayo huhitaji usingizi. Puto huzuia chakula kushuka, hivyo ugali wa jana unaweza kuwa bado umo, ukapanda na kuingia mapafuni. Utaambiwa ule vyakula vya majimaji tu kwa siku kadhaa kabla. Basi la usiku na nyama choma za njiani haviendani na maelekezo hayo. Fika mapema, ulale mjini. Na usipande basi la kurudi siku hiyohiyo. Uwe na ndugu wa kukaa nawe hadi kesho yake.